Mtani Mbele ya Bwana Shauri

Watu wa ukoo wetu tumezaliwa na ruhusa ya kuwatukana watu wa ukoo wa jumbe, mkuu wa kijiji chetu, nao wana ruhusa hiyohiyo juu yetu. Hakuna aliyetupa kwa maandishi. Mababu walipigana, wakachoka, wakapatana, na tangu hapo tukawa watani. Mtani wako akikukuta na nguo mpya anaweza kuivuta na kusema umeiba. Ukinuna, kosa ni lako, na utatoa kuku. Msibani ndiko utani unakokolea. Sisi ndio tunaochimba kaburi la mtani, tunaopika, tunaomsema marehemu kwa uchoyo wake na waliobaki kwa upumbavu wao, mpaka wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Nayaeleza haya mapema kwa sababu Mdachi, yule Mjerumani mtawala wa boma la Morogoro, hakuyajua, na kutojua kwake kulinipeleka kifungoni.

Nilikuwa mjane mwenye watoto watatu, na kazi yangu ilikuwa kufinyanga vyungu. Kijiji chetu kiko mlimani, upande wa Kinole, na udongo wetu tunauchimba kwenye kijito chini ya migomba. Vyungu vikishachomwa nilivifunga kwa kamba za mgomba, nikavibeba kichwani, nikashuka navyo Morogoro mjini, mwendo wa siku moja na kipande, nikilala njiani kwa dada yangu. Vyungu vyangu vilikuwa vizuri. Najisifu, ndiyo, maana sijaona mtu aliyenisifu vya kutosha.

Chungu hakiuziki kwa mtu usiyeongea naye. Unakigonga kwa kidole asikie kinavyolia, na wakati anasikiliza unamweleza nani kajifungua, nani kaachika, wapi mto umekata njia, askari wa kodi wanapanda kwa nani. Watu walinisubiri kwa ajili ya hayo kuliko vyungu. Wengine walinunua vifuniko wasivyovihitaji ili nikae kidogo. Sikuwahi kumpa mtu habari ya uongo, kwa kuwa kesho yake nitapita palepale, na mwongo mwenye vyungu kichwani hawezi kukimbia.

Basi ikatoka amri boma kwamba kila jumbe akate barabara katika eneo lake, nyumbu wa mizigo wa serikali wapate kupita. Ya kwetu ilitakiwa itoke bondeni ifike mtoni. Jumbe wetu akaita mtu mmoja kwa kila nyumba. Kwangu hakukuwa na mwanamume, nikachukua jembe nikaenda mwenyewe. Tulikata nyasi, tukang'oa visiki, tukavunja mawe, mpaka tukafika penye shamba lake la kahawa. Hapo akasema tuiache barabara kidogo, tumpalilie kahawa. Hicho kidogo kilikuwa wiki tatu na ushei. Tulipomaliza akaturudisha nyumbani, naye akapeleka salamu boma kwamba barabara imefika mtoni. Boma wakafurahi, wakampa koti la kaki lenye vifungo vya shaba. Alilivaa hata jua linapowaka.

Tulinung'unika jikoni tu. Jumbe ndiye aliyekuwa akiandika majina ya wenye kulipa kodi na ya wasiolipa, na kila nyumba ilikuwa na sababu ya kumwogopa.

Kisha mama yake akafa. Alikuwa mama mwema sana. Chungu changu cha kwanza, kilichopinda mdomo kama mtu mwenye jino bovu, alikinunua yeye, na akakipikia mboga mbele ya watu bila kucheka. Nilimlilia kwa moyo wote. Lakini kilio ni kilio na utani ni utani, na angekasirika huko alikokwenda kama ningeacha azikwe kimyakimya. Walipomtoa nyumbani kwenye jeneza la mianzi, nikatangulia, nikajilaza katikati ya njia, nikajifunika kaniki yangu hadi kidevuni.

"Hampiti!" nikapiga kelele. "Mnampeleka wapi mtani wangu?"

"Kaburini," wakajibu wabebaji, tayari wanacheka.

"Kwa njia ipi? Kwa barabara ya mwanawe? Basi mtamzika kwenye kahawa, maana inaishia hapohapo! Na ule mto alioambiwa Mdachi uko wapi? Umehama? Na wewe mwenye vifungo," nikamgeukia jumbe, "vua hilo koti ulirudishe, uje ulidai tena siku tutakayotawadha mtoni baada ya kupita barabarani!"

Kicheko kikapasuka. Watu waliokaa na neno hilo kifuani tangu palizi walicheka wakajishika mbavu, wabebaji wakalazimika kulitua jeneza. Jumbe naye alicheka, kwa midomo. Akanipa mkungu wa ndizi ili niondoke njiani, kama desturi inavyotaka, tukaenda tukamzika mama yake vizuri. Kwetu mambo yangeishia hapo. Yeye angejua kwamba tunajua, na msimu unaofuata angeona haya.

Lakini msibani alikuwapo mwalimu wa shule ya serikali ya bondeni, kijana wa pwani, mwembamba, mwenye kanzu safi kuliko kanzu zote za wilaya. Alikuja kutoa pole, akacheka hadi akashika mti. Mwalimu huyu alikuwa na kazi ya pili: kulipelekea habari gazeti moja la Kiswahili lililochapwa pwani na kuletwa kwetu kwa gari moshi. Alirudi kwake, akachovya kalamu, akaandika. Mimi hakuniuliza.

Nilikuwa sokoni Morogoro nimechuchumaa kwenye vyungu vyangu gazeti lilipofika. Fundi cherehani mmoja, aliyekuwa na mazoea ya kuwasomea watu kwa sauti, akakohoa, akasoma: huko Uluguru mwanamke mmoja mfinyanzi, mtani wa jumbe, amesema msibani kwamba barabara ya boma imeishia kwenye kahawa ya jumbe huyo. Soko zima likageuka kuniangalia, kwa maana wafinyanzi waliokuwa na watani majumbe hawakuwa wengi. Lazima nikiri kwamba kwanza niliona fahari. Maneno yangu yalikuwa yamekwenda pwani yakarudi kwa gari moshi, mimi ambaye sikuwahi kulipanda. Hofu ilikuja baadaye, wakati naweka vyungu vilivyobaki kwenye majani.

Askari wawili walinifuata nyumbani kabla mwezi haujaisha. Mvua za masika zilikuwa zimekaribia na mahindi yangu ya mbegu yalikuwa bado kibuyuni. Nikawaacha watoto kwa dada yangu, nikashuka.

Siku ya shauri baraza ya boma ilijaa. Bwana Shauri, yule Mdachi mwenye kuamua kesi, alikaa nyuma ya meza, mtu mrefu mwenye shingo nyekundu, karani wake pembeni akitafsiri. Wazee watatu waliokuwa wakiulizwa habari za mila walikaa kwenye benchi. Mwalimu alisimama karibu na nguzo. Jumbe alikuja na koti lake. Niliwapa wazee shikamoo zao, nikasimama nilipoelekezwa.

Jumbe alikuwa mjanja. Alisema yeye hana ugomvi na gazeti. Gazeti linajulikana na serikali, lina mwenyewe, lina ruhusa. Mwalimu naye ana ruhusa. Yeye anashitaki mdomo tu. Mwanamke anayepita nyumba kwa nyumba akisema maneno ya kuwachafua viongozi wa serikali huyo ni mchochezi, na mchochezi sokoni ni moto kwenye nyasi kavu.

Bwana Shauri akamwita mwalimu. Mwalimu akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, barua ya mwenye gazeti, iliyosema kwamba huyu ni mwandishi wetu wa sehemu za Morogoro. Bwana Shauri akaisoma mbele na nyuma, akamrudishia, akatikisa kichwa kumkubali. Mwalimu akarudi kwenye nguzo yake. Hakuniangalia. Nilitamani kumtandika kwa mwiko.

"Na wewe?" karani akanigeukia. "Bwana anauliza, una barua?"

"Sina."

"Nani alikupa ruhusa ya kumsema jumbe?"

"Bibi zangu."

Baraza ikacheka, Bwana Shauri akapiga meza. Hapo mzee mmoja kati ya wale watatu, mtu wa umri wa babu yangu, akaomba kusema. Akamweleza Mdachi utani ni nini, polepole, akisubiri karani amalize. Alimweleza habari za ukoo, ule tunaouita lukolo, za msiba, na za kujilaza njiani. Akamwambia pia kwamba katika nchi hii anayemkasirikia mtani wake ndiye mkosaji, na kwamba jumbe kuja hapa na hasira zake ni aibu waliyokuwa hawajaiona tangu wazaliwe. Wazee wenzake wakaitikia. Nilimwona jumbe akishika kifungo cha juu cha koti lake na kukizungusha. Nadhani ndipo alipotambua alichokifanya. Hasira zilimpitisha mahali ambapo hata mtoto wa kwetu asingepita.

Bwana Shauri aliandika kwa muda mrefu. Alipoinua kichwa, uso wake ulikuwa umelegea kidogo. Karani akasema, "Bwana ameelewa. Yeye haingilii michezo ya wenyeji. Anauliza swali moja. Yale maneno ya barabara yalikuwa utani, au yalikuwa habari? Kama ni utani, nenda zako. Kama ni habari, serikali ina utaratibu wa watu wa habari, na wewe si mmoja wao. Utafungwa miezi miwili."

Yule mzee akaniinamia. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Mwanangu, sema ulikuwa ukitania. Neno moja tu, twende nyumbani."

Nataka niseme ukweli kuhusu wakati ule. Niliyaona mahindi yangu kibuyuni. Miezi miwili ilikuwa na maana ya masika kupita bila mbegu, na watoto watatu kulishwa na dada yangu ambaye alikuwa na wanne wake. Neno lenyewe halikuwa hata uongo mtupu, kwa sababu kweli nilikuwa nikitania. Lakini nilijua wakilipokea neno hilo, barabara itakuwa imefika mtoni milele. Itakuwa imefika kwenye vitabu vya boma, na sisi tulioshika majembe tutakuwa watu waliochekesha msibani. Kila nitakapomwambia mtu jambo, atasema, huyu alikiri boma kwamba anatania. Nikaona hasira inanipanda toka miguuni. Nilimkasirikia jumbe, lakini Mdachi zaidi, kwa kunipa zawadi ile mbaya.

"Bwana mkubwa," nikasema, "nilikuwa mtani, na nilisema kweli. Kwetu mtani hutania ili aseme kweli. Asiyekuwa na kweli huyo ni mpiga kelele, hata msibani tunamfukuza."

Karani akanitazama kama mtu anayemwona mwenzake akijitupa kisimani. Akatafsiri.

"Huyu mwalimu ana barua," nikaendelea, maana nilishaona sina cha kupoteza. "Hajawahi kushika jembe kwenye barabara ile. Mimi nilishika, viganja hivi vilichubuka. Yeye aliandika nilichokisema. Kama yeye ni mtu wa gazeti kwa kuandika, mimi niliyempa cha kuandika ni nani? Na kama mnaona nimesema uongo, barabara haina miguu, haitakimbia. Nendeni mkaione."

Hakuna aliyecheka safari hii. Bwana Shauri aliongea na karani kwa lugha yao, kwa ukali, kisha kwa ukali uliopungua. Hukumu ikatoka hivi: siku kumi na nne za kufagia boma, kwa kutangaza mambo ya serikali bila kuwa mtu wa gazeti. Wakati huohuo yeye mwenyewe atapanda kwetu. Akiikuta barabara imefika mtoni, nitakaa miezi yote miwili. Wazee nao hawakutoka bila kutoa yao. Wakamwambia jumbe palepale, mbele ya Mdachi, kwamba ana kuku wa kulipa.

Nilifagia. Uwanja wa boma ni mkubwa na miti yake inaangusha majani kwa makusudi. Nilifagia nikiwa nimenyoosha mgongo, na watu wa sokoni walipita ng'ambo ya uzio wakinisalimia kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Mmoja aliniuliza kama chungu cha kupikia kande kinafaa kuwa kinene, nikamjibu huku askari akinitazama. Siku ya nne mwalimu akaja na ugali na samaki mkavu kwenye jani. Alisimama mbele yangu kama mwanafunzi aliyeharibu kitabu.

"Niliogopa, dada," akasema. "Nilipaswa kusema pale barazani. Nilipaswa kukuuliza tangu mwanzo."

"Ulipaswa," nikamwambia. "Lete samaki."

Sikumsamehe siku ile. Nilikula kwanza. Lakini alilala mjini, akaja na kesho yake na keshokutwa, na mtu aliyetembea toka bondeni kukuletea chakula huwezi kumkasirikia muda mrefu.

Siku ya tisa jumbe alifika getini. Alikuwa na jogoo mwekundu kwapani, na hakuwa amevaa koti. Desturi inasema kuku wa mtani hutolewa mkononi, wala hatumwi mtu, kwa hiyo ilimbidi aje mwenyewe mpaka nilipo, mfungwa na fagio langu. Askari wakakusanyika kutazama.

"Mtani," akasema, akitazama chini, "nilikasirika."

"Nimesikia," nikasema. "Jogoo huyu ni wako, au umemtoza nyumba kwa nyumba, kama watu wa barabara?"

Akacheka. Safari hii alicheka hata kwa macho, akanikabidhi jogoo, nasi tukawa watani tena. Mpaka leo naiheshimu ile safari yake. Watu wengi wenye vyeo wangekubali kuuawa kuliko kuupita uwanja ule na jogoo.

Lakini jogoo hakuniambia chochote kuhusu miezi yangu miwili. Bwana Shauri alikuwa ameondoka na nyumbu wake siku ya saba na hakuwa amerudi. Mvua zilianza. Kila nilipoyaona mawingu juu ya Uluguru nilijiuliza, je, kama jumbe amewatoa watu usiku na mchana wakaikata barabara haraka? Ningefanya hivyo kama ningekuwa yeye. Baadaye nilisikia alijaribu, na kwamba watu wote walishikwa na homa siku moja, kijiji kizima, mpaka wazee.

Bwana Shauri alirudi siku ya kumi na mbili, mchana. Alimvuta nyumbu kwa mkono, na matope yalimfika magotini. Nilikuwa karibu na ngazi. Nilisimamisha fagio, nikamtazama usoni, jambo ambalo mfungwa hakutakiwa kulifanya. Alinipita, akapanda ngazi mbili, akasimama. Akamwita karani.

"Bwana anasema," karani akanieleza, "nyumbu amekwama kwenye kahawa."

Nikaanza kufagia tena. Niliogopa nikifungua mdomo nitapiga kigelegele.

"Anasema jumbe ataimaliza barabara mpaka mtoni, yeye na wanawe na ndugu zake, kwa majembe yao. Anasema siku zako mbili zilizobaki utazimaliza, maana kifungo ni kifungo, utarudi kwako kesho kutwa." Karani akamsikiliza tena bwana wake, na nikaona nyusi zake zinapanda. "Na anauliza, huko mlimani kuna jambo jingine unalolijua?"

Yalikuwepo. Yalikuwepo mengi, ya mizani ya pamba inayopunja, ya akida aliye juu ya majumbe, ya askari mmoja aliyechukua mbuzi wa wajane. Yote nilikuwa nayo, nyumba kwa nyumba. Mtu aliyenifunga kwa kuwa si mtu wa habari alikuwa amesimama kwenye ngazi zake na matope magotini, akiniomba habari.

"Yapo," nikasema. "Mwambie atayasoma gazetini. Na jina litakaloandikwa chini yake litakuwa langu."

Nilipotoka sikwenda kwanza kwa dada yangu, wala shambani, ijapokuwa udongo ulikuwa tayari kwa mbegu. Nilikwenda bondeni shuleni na jogoo wangu kwapani. Watoto walikuwa darasani wakiimba herufi. Nikaingia, nikakaa chini mbele kabisa, nikamwambia mwalimu afute ubao, anifundishe kuandika, aanze na jina langu.